Nyumba ya Vumbi la Mawe

Rosettenville, Johannesburg
12 Februari 2017

Na hapana, Baba, Chris hanilishi wadudu wake! Niliposoma swali lako nilicheka mpaka Agnès, mwenye saluni ninakofanya kazi, akaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa akaja kuuliza kuna nini. Shikamoo kwanza. Kifua kinaendeleaje? Sisi wazima, na mimi nina furaha hadi naona haya. Bado nikisikia ufunguo wa mume wangu mlangoni moyo unaruka kama mtoto anayeitwa kula.

Sasa nikueleze kazi yake, maana simu husikii na ujumbe hujibu. Chuoni kwao imekuja chupa kutoka Ekwado, Amerika ya Kusini, kwa rafiki aliyesoma naye. Ndani ya spiriti wamo wadudu kama nondo wadogo, wa kahawia, mbawa zao zina manyoya. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuwaandika. Chris ndiye atakayewapima, awachore, awape jina.

Lakini sikia hili. Mdudu huyu akiwa mtoto anaishi chini ya kijito, na anajenga nyumba, Baba! Anaokota changarawe, anaigeuza, isipokaa vizuri anaitupa, anachukua nyingine, anaziunga kwa uzi unaotoka mdomoni mwake. Fundi mwashi! Nikamwambia Chris, "Huyu ni baba yangu." Akasema, "Basi apewe jina lake." Mdudu mpya ataitwa dismasi. Utakaa vitabuni wakati sisi wote tumesahaulika!

Mwanao mwenye raha zake,
Emmy


Mazimbu, Morogoro
9 Machi 2017

Mwanangu Emmy,

Marahaba. Nakusalimu wewe na mkwe wangu. Kifua ni kilekile; vumbi la miaka yote hiyo halitolewi na chai ya tangawizi.

Nondo ninayoijua mimi ni ya chuma, ya kufungia lenta juu ya milango. Nimemwambia Burhani tukichanganya udongo kwamba kuna mdudu anapewa jina langu. Akasema nishukuru, yeye hata kuku hajapewa jina lake. Mwambie Chris nimefurahi. Namkumbuka akikamata panzi katika kopo la maziwa, wakati baba yake yuko hapa uhamishoni na wenzake wa Afrika Kusini na mimi nawajengea mabweni. Leo panzi wamemfikisha mbali, na binti yangu amemchukua.

Chumba chenu kimefika kwenye lenta. Usisahau nililokuambia siku ya harusi: mara ya kwanza baada ya ndoa binti haji nyumbani peke yake, mumewe ndiye humleta, nao hulala chumba alichokijenga baba. Mlango siutii mpaka mfike. Kwetu mlango hutiwa wenye chumba wakiwa wamesimama nje wanaangalia.

Sakafu naiweka vipande vya mawe ya rangi. Vumbi lake nimelitia katika kichupa hiki cha vidonge. Mpe huyo mwashi mwenzangu ajengee.

Baba yako,
Dismas


Rosettenville
21 Mei 2017

Baba yangu mpenzi, shikamoo. Kifua je? Unakunywa dawa?

Kichupa kimefika! Dereva wa lori alikileta kimefungwa kwa kitambaa kama dhahabu. Sikujua nicheke au nilie, maana wale wa Ekwado walishakufa, hawajengi tena. Chris hakucheka. Jumapili alinichukua hadi kwenye kijito nje ya mji, mimi na viatu vyangu vya kanisani, tukageuza mawe ndani ya maji baridi mpaka tukampata ndugu yao wa hapahapa. Akamtoa taratibu ndani ya nyumba yake kuukuu. Ungemwona, Baba, uchi, mweupe, anahangaika. Chuoni tukamtia katika beseni la maji, tukammwagia vumbi lako. Kesho yake alikuwa amevaa nusu nyumba, na siku iliyofuata ameimaliza: nyekundu, nyeupe, kijani kidogo mbele. Nilimbusu mume wangu palepale mbele ya wakubwa wake.

Chris anasema mdudu huyu akishakua atafunga mlango mwenyewe kwa kijiwe, alale humo ndani, kisha atoke na mbawa.

Ila kuna kikwazo. Wadudu waliokomaa waliomo katika chupa wote ni majike, na wadudu hawa hutambulishwa kwa, nisamehe, kwa sehemu za dume. Sisemi zaidi, wewe ni baba yangu. Lazima rafiki yake wa Ekwado akatundike shuka jeupe na taa kando ya kijito, awangoje madume waje. Tuvumilie kidogo. Sitaki nije kwako bila jina, kama mtu aliyekuja mikono mitupu.

Emmy wako


Mazimbu
30 Julai 2017

Mwanangu,

Marahaba nyingi. Mwandiko ni wa Burhani, maneno ni yangu. Mkono umechoka kidogo.

Chumba kimeezekwa. Chokaa amepaka Burhani, mimi nimekaa kwenye kiti nikimsimanga. Anasema ukuta ungekuwa na masikio ungeomba niondoke. Daktari wa hapa amenipa barua ya kwenda Dar es Salaam, nikamwambia nangoja wageni.

Ile mila niliyokuambia siku ya harusi ni mimi wa kuilinda, basi ni mimi wa kuivunja. Njoo, hata peke yako. Jina la mdudu litanikuta.

Burhani anataka niandike kwamba naumwa. Mimi nasema aandike kwamba nakungoja. Tumebishana, na kalamu anayo yeye, kwa hiyo ameandika yote mawili.

Baba yako


Rosettenville
27 Agosti 2017

Shikamoo Baba. Eish, umenitia wasiwasi, kisha nikasoma pale pa Burhani na kalamu nikajua bado u baba yangu yuleyule. Nenda Dar, nakuomba. Wageni hawakimbii.

Na usivunje mila kwa ajili yangu! Nilishauona moyoni mlango ule, wewe na nyundo, Chris ameshika fremu, mimi nje nimevaa kitenge cha harusi. Nikija peke yangu utautia kwa nani?

Madume wamefika! Walikuja kwenye shuka usiku wa mvua, kumi na mmoja. Chris alichemsha mikia yao katika dawa kali kama magadi mpaka nyama ikayeyuka, ikabaki sehemu ngumu, angavu kama ukucha wa kichanga. Anachora kwa wino, anashika pumzi, nami ninayemtazama nashika yangu. Makala imeshapelekwa, imeandikwa ndani yake kwamba jina ni la Dismas, mwashi wa Mazimbu. Wataalamu wawili wakishaikubali, tunapanda basi. Labda Oktoba. Oktoba si mbali, Baba. Nataka nikusomee jina lako umekaa kwenye kizingiti.

Emmy


Rosettenville
8 Oktoba 2017

Shikamoo Baba.

Nimesubiri kidogo baada ya kuandika neno hilo. Tangu nijue kusema hujawahi kuniacha bila marahaba.

Burhani alinipigia jioni ile ya Septemba nikiwa saluni. Alisema ulilala katika kile chumba kwa sababu kina hewa, asubuhi hukuamka. Walikuzika kesho yake. Kwa basi ni safari ya siku tatu, na hela ya ndege hatukuwa nayo. Agnès alinifunga kanga kiunoni, akanikalisha chini pamoja na wateja, wakalia nami wanawake nisiowajua, wengine na nywele nusu.

Nilikuandikia kwamba wageni hawakimbii. Wewe ndiye uliyekuwa unaondoka, nami nikakuambia ungoje.

Makala imekubaliwa, Baba. Ilikuja Jumanne. Chris aliisoma kwa sauti, akafika kwenye jina akashindwa kuendelea, nikaimalizia mimi.

Na yule mwashi wetu alifunga mlango kwa kijiwe chekundu cha sakafu yako, akalala. Wiki jana tukamkuta kwenye chandarua cha beseni, ana mbawa. Chris alifungua dirisha. Nyumba ilibaki mkononi mwangu, nyepesi, fupi kuliko punje ya mchele. Naileta. Nataka Burhani aitie kwenye udongo wa kizingiti, chini ya fremu.

Barua hii atakusomea yeye, chumbani, si makaburini. Mjomba Burhani, ukifika hapa unisikie na wewe: ulisema vuli inakuja, maji yataingia, uweke mlango. Usiuweke mpaka tufike. Tundika turubai, mvua ikiingia nitafuta mimi.

Tunakuja kwa arobaini yako, Chris ananileta kama ulivyotaka. Kabla mwezi huu haujaisha, Baba, tutakuwa tumesimama nje, tunaangalia.

Mwanao,
Emmy