Nitaona Wakishakula

Baba,

Nimekaa, nimeinuka, nimefunga dirisha, nimelifungua tena. Karatasi nyingine nimeikunja na kuitupa kabla ya hii. Mama atapiga simu leo mchana akitaka jibu langu, na mimi jibu sina. Ungekuwepo ungenikaripia niache kuzunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Hebu nikueleze yaliyotokea. Tulikwenda Barbados, mimi na Mama, kumwona Wafula na mkewe Marcia. Ile safari uliyoiahirisha kila mwaka, mara mitihani ya wanafunzi wako, mara huo moyo wako, mpaka ukatutoka. Wajukuu zako wamerefuka. Kiswahili wanajua "njoo" na "kula", basi. Mengine yote Mama anawaambia kwa mikono, na wanamwelewa kuliko wanavyonielewa mimi na Kiingereza changu cha Johannesburg.

Jumapili Wafula alitupeleka kwenye bustani moja iliyo juu ya kilima, upande wa mashariki wa kisiwa. Kuna miti mikubwa ya mahogani, na chini yake familia zimetandika vitambaa, kila moja na sufuria zake. Ukisogea hadi ukingoni, ardhi inaporomoka kijani kibichi mpaka baharini, na mawimbi yanapiga miamba mchana kutwa. Wafula alinyoosha kidole akasema kutoka pale hakuna nchi nyingine mbele mpaka ufike Afrika. Nilikukumbuka, Baba. Nilikukumbuka mpaka nikakosa pa kuweka mikono.

Si unakumbuka kilima chetu cha hapa Johannesburg? Kila tukitoka ibadani ulitupandisha kule juu, wale waumini wenye kanzu nyeupe wakiomba huku na huku, mtaa wote wa Hillbrow chini yetu na mnara wake. Ulikuwa ukisema, "Mji huu hauna bahari, basi tutazame maghorofa." Mama aliketi ameupa mji mgongo, hotipoti mapajani, akitugawia chapati na kumfuta Wafula mdomo. Nawe humwachi: "Geuka kidogo uone, Mama Wafula." Naye jibu lake ni lile lile: "Nitaona wakishakula." Tukishakula jua limekwenda, leso inakunjwa, vyombo vinabebwa. Sikumbuki hata mara moja akigeuka.

Sasa sikia. Kule kisiwani Mama hakugusa hata kijiko. Marcia alikuwa amepika wali wa mbaazi na samaki wa kukaanga, watu wakajipakulia. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la ukingoni, akaweka mkoba, akavua viatu, akaikabili bahari. Wajukuu walimwita, akawapungia mkono waendelee. Nilimpelekea sahani, akaipokea bila kunitazama. Nilikasirika, Baba, nakuambia kweli. Kisha nikajipa moyo kwamba anaililia Afrika, nikamshika bega nikamwambia karibu tutarudi nyumbani.

Alicheka. Akasema, "Nekesa, mimi nataka kubaki huku. Tangulia wewe. Ukifika ukaona huwezi, sema, nitarudi."

Nimefika. Siwezi. Nateremka kwenda dukani, nafika kwenye robot, zile taa za barabarani, nasahau nilichofuata, napanda ngazi tena. Nimehamisha kiti chako mpaka dirishani, nimekirudisha. Baba mdogo naye anapiga simu kutoka Bungoma: mjane atakaaje ng'ambo ya bahari na kaburi la mumewe liko huku? Nilimjibu kwa ukali kwamba Mama ni mtu mzima. Nikakata simu, nikajikuta nakubaliana naye kwa kila neno. Nilikuwa tayari kumwambia Mama arudi. Nilikuwa hata nimeshatandika kitanda chake.

Jumapili iliyopita nikaona nitoke, nisije nikawa mwendawazimu. Nilichukua hotipoti ya Mama, nikawapandisha kilimani wenzangu wa kwaya. Nilipika chapati nyingi kupita kiasi. Nikawapakulia, huyu ongeza, yule mbona hukuchukua maharage. Furaha, yule rafiki yangu wa Bukavu, akanitazama kidogo, akasema, "Eish, dada, na weye? Utakula saa ngapi? Na mbona mji umeupa mgongo?"

Nikajibu, "Nitakula mkishakula."

Nilijisikia nikisema. Nilikuwa nimepiga magoti, kijiko mkononi, hotipoti mapajani, na tangu tufike sikuwa nimetazama kitu chochote zaidi ya sahani za watu. Nilikiweka kijiko chini, nikageuka. Mnara ulikuwepo, maghorofa yalikuwepo, ila sikuyaona vizuri kwa sababu ya machozi. Miaka yote ile, Baba, haya yote yalikuwa nyuma ya mgongo wake! Na mimi ninayetaka arudi namwitia nini? Nampenda, naogopa kukaa peke yangu, hayo ni kweli. Lakini pia nataka mtu wa kunipakulia.

Nimekaa sasa. Mguu bado unatikisika lakini nimekaa.

Kwa Baba mdogo niachie mimi, atapiga kelele kisha atachoka. Kaburi lako halitaota nyasi. Desemba mimi na Wafula tutakuja kulipalilia, nakuahidi, na Mama akitaka kuja atakuja kama mgeni, atakaa kivulini. Na kilimani nitaendelea kupanda. Hotipoti nitaiweka katikati, kila mtu ajipakulie.

Lala salama, Baba. Simu inaita, ni yeye. Namwambia abaki kwenye benchi lake, atazame mpaka atosheke. Sisi tumeshakula.

Binti yako,
Nekesa