Jina la Mdogo Wangu Katika Ripoti Yangu ya Mikopo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kuomba si mazoea yangu, kwa kuwa tangu mama yetu afariki nimeiendesha nyumba hii bila kumsumbua mtu, kodi inalipwa kabla ya tarehe yake, gesi na umeme hali kadhalika, na hakuna mtu hapa Llanelli anayeweza kusimama akasema anamdai Nerys. Sisemi hivi kwa kujigamba, au labda najigamba kidogo, kwa sababu enzi za mama mkusanya madeni aliugonga mlango huu kila Ijumaa mtaa mzima ukisikia, na mimi ndiye niliyetumwa kwenda kusema hayupo, nikaapa kwamba nikiwa mkubwa mlango huu hautagongwa kwa jambo hilo, na haujagongwa.

Sasa mwenye nyumba, Bwana Vaughan, amezeeka na anataka kuuza, na kwa heshima amenipa nafasi ya kwanza hadi mwisho wa Agosti kabla hajasimamisha kibao mbele ya nyumba, malipo ya mwanzo ninayo, kazi ya kudumu ya kusimamia jiko la shule ninayo, kwa hiyo nilikwenda benki nikiwa nimeinua kichwa, wakanikataa bila sababu ya kueleweka, nami kwa hasira nikaingia kwa mkopeshaji wa pili wiki ileile, kisha wa tatu, ili yule wa kwanza ajue kwamba wako wenye macho, na wote wakakataa, hadi nilipofika kwa Bwana Prosser, dalali wa mikopo ya nyumba, ambaye aliifungua ripoti yangu akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulijua jibu, kama Gethin ni mume wangu, nikamwambia ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, naye akasema, "Kwenye ripoti hii hakuna mdogo wako, bibie. Kuna mtu uliyefungamana naye kifedha, na wakimtazama yeye wanakuogopa wewe."

Gethin ni fundi wa plasta, na dari akiipiga yeye haioni aibu kutazamwa. Alikuwa na gari lake la kazi na mkopo wake, kisha mteja mmoja mkubwa akakataa kumlipa, gari likachukuliwa, mahakama ikatoa hukumu dhidi yake, akawa mtu wa kulala mchana, na ilikuwa miaka ya kuumiza, lakini ameinuka, mshauri, ameilipa hukumu ile yote, na kila Ijumaa huweka nusu ya kodi katika akaunti yetu ya pamoja tuliyoifungua wakati wa mazishi ya mama, tena huiweka mwenyewe, hataki nimkumbushe, na kila nikiliona jina lake pale kando ya langu hujisikia fahari kuliko siku niliyopandishwa cheo.

Bwana Prosser anasema nifunge akaunti hiyo na kuandika tamko kwamba hakuna tena uhusiano wa kifedha kati yangu na mtu huyu, mtu huyu, ndivyo walivyoandika, nilimweleza Gethin wakati wa chakula cha Jumapili, naye hakuacha kukata nyama yake, akasema, "Nikate tu, dada. Benki zimeshanizoea." Nikamwambia asinifanyie mzaha, akajibu, "Sikufanyii. Ila ukishakuwa mwenye nyumba usije ukanitoza kuliko Vaughan," kisha akatoka nje akaanza kuosha ndoo na miko yake ambayo ilikuwa safi.

Mama mdogo Eirwen, dada yake mama, hakunihurumia hata kidogo, aliniuliza kama kweli namkana mtoto wa mama yangu kwa ajili ya matofali na paa linalovuja, halafu huyohuyo akanishauri nimwambie dalali kwamba Gethin amehamia kwake, aandikwe huko, alale hapa. Na mimi nimebaki katikati, sijui hawa wakopeshaji wanaona nini hasa juu yetu, kama wanaona madeni ya mama yaliyoachwa katika nyumba hii, kama wanamwona Gethin akilala chumba cha nyuma, wala sijui nitatiaje sahihi tamko lile bila kusema uongo na bila kumkana mdogo wangu. Nisaidie.

Nerys, Llanelli


MSHAURI ANAJIBU

Nerys, una haki ya kuinua kichwa, na sitakuomba ukiinamishe. Nakuomba tu utazame unakokanyaga, kwa maana kiburi hichohicho kilichoulinda mlango wako ndicho kilichokupeleka kwa wakopeshaji watatu mfululizo. Kila ombi rasmi la mkopo huacha alama katika ripoti. Mkopeshaji wa tatu hakuona kwamba wenzake walikukataa, kwa sababu kukataliwa hakuandikwi. Aliona kwamba ulikuwa umebisha milango miwili ndani ya siku chache, akajiuliza mwenyewe kwa nini. Ulitaka kumwonyesha wa kwanza, na kweli umewaonyesha wote.

Tuje kwenye macho yao. Wanaona jina lako, anwani zako za sasa na za zamani, na kama umo katika daftari la wapiga kura. Wanaona akaunti zako za mkopo, za kadi na za simu, na mara nyingi za gesi na umeme, na mwezi baada ya mwezi, kwa takriban miaka sita, kama ulilipa kwa wakati. Hukumu za madai na ufilisi huonekana pia. Hapo ndipo unapong'ara, na si jambo dogo. Lakini mshahara wako hawauoni humo, wala akiba yako, ndiyo maana watakudai hati zake kando. Hawaoni ugonjwa, dini wala machozi. Madeni ya mama yako hawayaoni katika ripoti yako, kwa kuwa deni humfuata mtu aliyelikopa, haliishi ukutani likamsubiri mpangaji. Yule mgongaji wa Ijumaa amekwisha, Nerys. Unaendelea kumsikia wewe peke yako.

Na Gethin? Kulala kwake chumba cha nyuma hakumo katika ripoti yako. Undugu wenu haumo. Hata hukumu yake haimo. Kilichomo ni jina lake, lililoingizwa na akaunti ya pamoja, na jina hilo humruhusu mkopeshaji kwenda kuitazama ripoti ya Gethin mwenyewe. Akifika huko ataikuta hukumu, na kando yake ataona imeandikwa kwamba imelipwa. Mwambie mdogo wako hilo, maana nadhani anaamini kwamba aibu yake imeandikwa na juhudi yake haikuandikwa.

Sasa tamko. Umelisoma kama mtu anayesoma wosia, ilhali ni sentensi kavu yenye neno moja la maana, nalo ni *kifedha*. Halikuulizi kama mmenyonya ziwa moja. Linauliza kama mna chungu kimoja cha fedha. Leo mnacho, kwa hiyo ukitia sahihi leo utakuwa umesema uongo. Mkishakifunga, sentensi ileile itakuwa kweli tupu. Ukweli wake hautokani na moyo wako, unatokana na akaunti.

Kwa hiyo fanyeni hivi, na mfanye wiki hii, kwa kuwa marekebisho huchukua wiki kadhaa na Agosti haitawasubiri. Gethin afungue akaunti yake ya kawaida ya benki. Hukumu iliyolipwa haimzuii. Nusu yake ya kodi aitume kutoka huko hadi akaunti yako wewe kila Ijumaa, kwa mkono wake, kama alivyozoea. Hakikisheni ile ya pamoja haidaiwi hata senti, kisha ifungeni nyote wawili. Ndipo uandikie taasisi zote tatu zinazotunza taarifa za mikopo, si moja, kwa sababu hujui mkopeshaji atauliza ipi. Usiombe mkopo popote mpaka uone kwa macho yako kwamba jina limeondolewa, na Bwana Prosser akitaka kupima hali yako, apime kwa ule uchunguzi mwepesi ambao alama yake unaiona wewe tu, si wakopeshaji.

Mama mdogo Eirwen mheshimu, mpe chai, ila ushauri wake wa kumhamisha Gethin kwenye karatasi uukatae palepale. Kumdanganya mkopeshaji kuhusu anayeishi ndani ya nyumba ni kosa la kisheria. Tena angalia ajabu yake: yeye anayekulaumu kwa kumkana mdogo wako ndiye anayetaka kumfuta katika nyumba yake mwenyewe.

Kwa maana swali la nani anaishi humo litakuja, Nerys, na ndilo ambalo hakuna aliyekuambia. Mkopo ukikaribia kupita, mkopeshaji atataka kujua kila mtu mzima atakayeishi humo. Utamtaja Gethin. Naye ataletewa hati ya kutia sahihi, akikubali kwamba ukishindwa kulipa, hataweza kuing'ang'ania nyumba mbele ya mkopeshaji. Si hati ya mzaha. Asiitie sahihi mezani kwako kati ya viazi na nyama. Aende kwa wakili wake mwenyewe, aelezwe, aamue, na akikataa usimnunie. Lakini akikubali, benki ambayo leo inamhesabu kuwa hatari itakuwa inaihitaji sahihi yake ili wewe uupate ufunguo.

Kabla ya hapo, wewe ndiye utakayeulizwa mkazi huyo ni nani kwako. Usiandike mpangaji. Andika: mdogo wangu.