Salamu kwa Mashine ya Kusaga

Roza, uko hewani? Nimetoka ukumbini sasa hivi.

Alisha, yule binti wa duka la vitambaa, katusomea hadithi aliyotunga. Mjane wa Kilolo ana mashine ya kusaga. Kila asubuhi kabla ya kuiwasha anaigusa, anaiambia "kamwene" kama anasalimia mtu, halafu anaiita jina la marehemu mume wake.

Kamwene, Roza. Kwa mashine.

Watu wakacheka, wengine wakafuta machozi. Mzee mmoja akasema hadithi inatufundisha kwamba chuma hakina utu. Na mimi nikapiga makofi, ningefanyaje.

Nikamfuata Alisha mlangoni, nikamuuliza hayo kayatoa wapi. "Nimebuni tu, Mama Yunisi." Hakunitazama usoni.

Mimi mashine yangu naisalimia mlango ukiwa umefungwa. Nilikuambia wewe tu.

Naona umesoma, hujibu.

Nilitaka kuamini kweli kabuni. Ila hadithi yake inaishia palepale nilipoishia kukusimulia. Mjane anasalimia, mashine inanyamaza.

Kwamba inaitikia, hata wewe sikukuambia.