Nahodha wa Baba

Nyumbani, mlango uleule wa bluu,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na hilo ghala lenu bado linawabebesha makasha kama punda? Sisi huku tunapumua. Siwezi kusema hatujambo, ningekudanganya, na katika nyumba hii kazi ya kudanganya ilikuwa na mwenyewe.

Uliniuliza kama ile filamu mpya ya chombo cha anga kilichopotea imeifuata ya zamani, au wameiharibu kama walivyoharibu nyingine. Swali lako limenikaa moyoni, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nilimpeleka Baba kuiona. Tangu wamfanyie upasuaji wa koo, sauti imekwenda kabisa, hilo sikuwa nimekwambia, lakini alipoona picha ya nahodha wa chombo kwenye ukuta wa sinema alinivuta mkono kama mtoto aliyeona peremende. Kinyozi akaja, fundi viatu naye akaja, na wengine waliokulia kwenye banda letu la video wakimsikiliza Baba akitafsiri filamu kwa kipaza sauti. Tulijaza safu nzima ya jumba la sinema, watu wazima wenye mvi.

Picha ni nzuri, sikatai. Roboti wa zamani alikuwa mtu aliyevaa ndoo. Huyu wa sasa unaona hadi misumari yake. Lakini mwishoni nahodha hakurudi. Alizima taa za chombo moja baada ya nyingine, akakaa kitini, basi. Baba akaanza kugonga kiti cha mbele kwa fimbo. Kinyozi naye akapaza sauti, "Waongo hawa! Nahodha alirudi, akawakuta wanawe mlangoni! Si tuliona sote?" Safu nzima ikaitikia, mpaka tukatolewa nje. Nilicheka, mdogo wangu. Tangu siku hiyo sijacheka tena.

Kesho yake niliitafuta ile ya zamani, nikaiangalia peke yangu jikoni, nikisoma maandishi ya chini. Hakurudi. Tangu mwanzo hakurudi. Hiyo mpya imeifuata hatua kwa hatua, hata maneno ya mwisho ni yaleyale. Ule mlango na wale watoto tuliwaona kwa masikio tu. Picha ilikuwa imeshakwisha, kioo ni cheusi, na Baba bado anasema.

Kumbuka filamu ile ililetwa bandani muda mfupi baada ya kumzika Mama. Ulikuwa unakaa mbele kabisa, miguu haifiki chini, na ulimuuliza Baba mbele za watu kama Mama naye amepotelea huko juu. Naona alishindwa kuutamka mwisho wenyewe ukiwa unamtazama. Sijamwambia kuwa nimejua. Mwenyewe ameshauamini uongo wake, na kwenye kibao chake cha kuandikia aliniandikia, "Wameharibu."

Sasa nikwambie lililobaki. Ugonjwa umeingia kwenye mapafu. Daktari hakuzunguka, alisema tumrudishe nyumbani tukae naye. Yuko chumba cha mbele. Alitaka mwenyewe kitanda kielekezwe mlangoni, na akisikia hatua nje ananyanyua kichwa.

Usipige simu tena, nakuomba. Anaiweka sikioni, anakusikia ukiita, "Baba, Baba, upo?" Midomo inacheza, hakuna kinachotoka. Wewe unadhani laini ni mbovu, unakata, naye anageukia ukuta. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Shangazi anakusalimu sana. Fundi viatu anakusalimu. Kinyozi anasema kichwa chako atakinyoa bure, hata kama siku hizi kimebaki uwanja. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama. Kwa sasa hiyo ndiyo dua yangu pekee.

Jana Baba alikifuta kibao, akaandika neno moja, akanionyesha ulipo mlango: "Alirudi." Nilitikisa kichwa kukubali. Njoo, mdogo wangu, safari hii hakuna mwenye sauti ya kutuongezea mwisho mwingine.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja.