Shavu la Kaka Deo

Jumatatu, 6 Machi 1995
Sare mbili tu za shule leo cherehanini, na moja nimeishona mkono kinyume. Jino bovu la nyuma linapwita hadi sikioni. Chai ya moto inanirusha. Maji ya chumvi, karafuu, bure! Mtaa mzima wa Majengo unapiga kelele mlangoni kwangu tu.

Jumatano, 8 Machi
Shavu limevimba. Nimejitazama kwenye kioo cha wateja nikamwona kaka Deo, marehemu. Lake lilivimba hivihivi, upande huuhuu, na wiki haikuisha tukamzika kijijini kwetu Kilema. Mkewe, wifi Anjela, ndiye aliyempa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kabla hajaugua. Mama akasema kamtilia sumu. Ukoo ukamfukuza, mtoto mgongoni. Naogopa. Kioo nimekifunika kwa kanga.

Alhamisi, 9 Machi
Maumivu yamekatika ghafla. Nimemshukuru Mungu mapema mno. Mdomoni kitu kichungu, kinanuka. Usaha. Homa. Tezi chini ya taya. Kumeza mate ni kazi, mdomo haufunguki vizuri. Deo naye aliamka akasema amepona, akaomba supu ya mtori. Mama kasikia naumwa, katuma mtu kuniuliza: umekunywa mbege ya nani? Sijanywa ya mtu. Wifi sijamwona miaka yote tangu afukuzwe. Sasa hiki ni nini? Kaka, usinijie.

Ijumaa, 10 Machi
Mama mwenye nyumba kanikokota hospitali. Daktari wa meno ni binti mdogo, mkali kama pilipili. Jipu kwenye mzizi wa jino. Maumivu yalikatika kwa sababu jino limekufa ndani, si kwamba nimepona. Kapasua, kang'oa, nimelia kama mtoto. Ningelala nyumbani, uvimbe ungeshuka shingoni ukanikaba. Nikamsimulia ya Deo: shavu, homa, kushindwa kumeza, kuvuta pumzi kwa shida. Akaacha kuandika. Akasema pole, dada.
Sumu gani? Jino! Jino tu, jamani.

Jumapili, 19 Machi
Nimepanda Kilema baada ya misa. Nimemweleza mama yote, nikafungua mdomo aone pengo. Alichungulia muda mrefu. Akarudi kumenya ndizi zake. Nilipoaga ndipo akauliza kama mtoto wa Deo ameshaanza shule.
Nikamwambia sijui. Hakuna kati yetu anayejua Anjela na mwanawe wanakaa wapi.