Mgeni kutoka Tabora

Mado mjukuu wangu,

Kuna jambo nimelificha maisha yangu yote, na wale ambao ningewaomba msamaha wamekwisha kufa. Mama yako mzima, juzi amerudi kutoka Kasumbalesa. Mimi kifua kinanimaliza.

Umeuliza Wabelgiji walizipataje nchi za Wajerumani. Waliiteka Tabora vitani, kisha wakubwa wakagawana huko Ulaya: Tabora ikaenda kwa Mwingereza, Rwanda na Burundi zikabaki kwa Mbelgiji. Babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani. Wabelgiji walimleta huku mateka, akabaki, akajiita mtu wa Kongolo, mji wa huku huku.

Nilipokuwa kijana nikitafuta kazi ya ualimu, mzee mmoja alibisha hodi nyumbani kwetu, mtaa wa Kamalondo.

“Mwanangu, namtafuta kaka yangu. Vita vilimchukua Tabora.”

Sura yake ilikuwa ya babu kabisa. Niliogopa tutaitwa wageni, niikose kazi.

“Hapa hakuna muntu wa Tabora, baba. Siye tuko bantu ba Kongolo.”

Akashukuru, akaondoka.

Nilipogeuka, babu alikuwa nyuma ya pazia. Alikuwa amesikia yote, na viatu vya kutokea ameshavaa. Akainama, akavivua.

Nkambo yako