Waya wa Saa na Pazia la Bosi

Shoga, nimetoka ofisini kwa bosi sasa hivi. Nasikia kinyaa, acha tu.

Si unajua wiki tatu nzima nasafisha nyuzi za mwanga zinazobeba simu, na bado simu za hospitali zinakatika, yeye ananiita fundi wa kubahatisha mbele za watu?

Leo nimefungua mipangilio ya mitambo. Mtambo wetu wa simu unachukua saa kutoka mtambo wa kituo cha pili. Na ule wa kituo cha pili unachukua saa kutoka kwetu! Kila mmoja unamuuliza mwenzake saa ngapi, hakuna unaojua! Na saa zikipishana kidogo tu, simu zinakatika.

Nikapanda paani kuangalia antena inayotuletea saa sahihi. Waya wake umekatwa.

Nikamuuliza bosi. Hata hakupepesa macho: “Ule haubebi simu ya mtu. Niliukata, nikabadilisha mpangilio tuchukue saa kituo cha pili.”

HAUBEBI SIMU YA MTU. Mkuu wa mitambo huyo!

Ndipo nikauona. Ameutumia kutundikia pazia la dirisha lake. Waya wa saa, shoga. Pazia!

Nikamwambia naurudisha sasa hivi, hospitali inasubiri.

Akanijibu, “Subiri jua lishuke kwanza, litanipiga usoni.”